Kikombe Kisichoonjwa

Mara ya kwanza aliponikaribisha chai nyumbani kwake, aliinywa yeye kwanza. Alimimina kikombe kikajaa, akakiinua kwa mikono miwili kama anayetaka kunipa, kisha akakirudisha mdomoni mwake, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja na kunikabidhi. Nilikuwa mwalimu mgeni hapo Bukiriro. Kwetu Biharamulo, katika nyumba niliyokulia, mtu akinywa kwenye kikombe chako ujue amekuzoea mno au amekudharau. Nikabaki nimekishika, natabasamu tu.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Mimi niko hai bado, unaniona."

Nilielewa baadaye, na ni vizuri nilieleze mapema ili tuende pamoja. Katika milima ile ya Ngara, kwa wenyeji na kwa familia zilizovuka kutoka Burundi na Rwanda, aliyepika kinywaji hukionja mbele ya mgeni wake. Zamani ilikuwa pombe ya ndizi. Siku hizi hata soda hufunguliwa mbele ya macho yako, na ukiletewa iliyokwisha kufunguliwa una haki ya kuiacha. Anayeonja hakushuku wala hakutanii. Anakwambia kwa tendo kwamba kitakachoingia tumboni mwako kimeshaingia tumboni mwake. Ni adabu, kama kumwambia mkubwa shikamoo: ukiitimiza hakuna anayeiona, ukiikosa kila mtu anageuka kukutazama.

Tulimwita Mpishi. Alikuwa amepikia shule ya bweni kwa miaka mingi, na nilipomfahamu alikuwa ameshaliacha jiko lile, ila jina lilibaki limemganda. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Karibu na mpaka maswali hayo yana miiba, naye mwenyewe aliyajibu kwa neno moja: "Mimi ni wa jikoni."

Mtu aliyesonga ugali wa shule nzima kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, uzeeni akajikuta na sufuria ndogo ya vikombe viwili. Alisema mkono ulichukua muda kujifunza udogo. "Mwanzoni nilikuwa natupia majani ya kushibisha mbuzi. Watu walikuwa wanakunywa chai wanatafuna." Kilichompeleka kwenye chai za usingizi kilikuwa huko huko shuleni. Wanafunzi wa kidato cha mwisho walikuwa wanakuja dirishani mwa jiko jioni, macho mekundu, wakisema vichwa havizimi. Akawa anawachemshia mchaichai uliokuwa umejiotea kwenye mfereji wa maji machafu ya vyombo. Wengine walilala, wengine hawakulala, ila wote walirudi.

Nyuma ya nyumba yake mchaichai ulikaa pale yanapomwagika maji ya kuogea, mrehani ulikaa karibu na mlango, na mnanaa aliufungia ndani ya beseni bovu. "Mnanaa ni kama mgeni asiyeaga," alisema. "Ukimpa kona, kesho amelala kitandani kwako."

Alikuwa na namna yake ya kuchagua, nami nimeifuata mpaka leo. Mchaichai aliukata chini kabisa, kwenye shina jeupe, maana majani ya juu yana rangi tu na harufu kidogo. Mrehani aliuchuma kabla haujachanua sana. Akiletewa majani makavu, hasa zile pakiti za maua makavu ambazo wachuuzi huja nazo soko la Kabanga kutoka ng'ambo ya mpaka, hakusoma maandishi. Alifungua, akasugua kidogo katikati ya vidole, akanusa. Kama hayakunukia, alisema ni nyasi zilizovaa nguo nzuri. Kama kulikuwa na vumbi jingi chini ya pakiti, alirudisha. Na ambacho hakukijua hakukipika, hata aliyekileta aape. "Porini kuna majani ya kulala na majani ya kulala moja kwa moja," alisema. "Yote ni ya kijani."

Kupika nako kulikuwa na sheria. Kitu kigumu, kama shina la mchaichai, alikiponda kidogo kwa mpini wa kisu, akakiacha kichemke taratibu mpaka jikoni kote kunukie. Kitu laini, kama mnanaa na mrehani na yale maua, hakukichemsha kamwe. Alichemsha maji peke yake, akayaepua, akayamimina juu ya majani na kufunika upesi kwa kisahani. Ukifunua kabla ya wakati kuchungulia, alikupiga kofi la mkono. "Harufu ndiyo unayoitafuta. Ukiiachia itoke na mvuke, umewanywesha mbu."

Sukari alikataza. Tangawizi ya jioni alikataza, akisema ni ya mtu anayekwenda shamba. Alikataza pia kunywa wakati unapanda kitandani: unywe jua likizama, ukiwa umekaa, ili usije ukaamshwa na kibofu ukasingizia mawazo. Mama mjamzito hakumpa kitu, alimwelekeza kliniki. Mtoto mdogo hivyo hivyo. Wala hakuahidi. Akiulizwa kama chai itafanya kazi, alijibu, "Chai inakukalisha. Ukikaa, usingizi unakuona." Yeye alisema "kurara" na "umerara", kama wengi wa huko, ingawa hapa nimeyaandika kwa herufi l, na mimi kama mwalimu sikuwahi kutamani kumsahihisha, kwa sababu neno lile midomoni mwake lilikuwa na godoro ndani.

Kabla ya kuwasha moto alikuwa anauliza. Umekula nini? Umekunywa kahawa saa ngapi? Umegombana na nani? Mtu akijibu la tatu kwa kirefu, mara nyingi chai ilipoa mezani bila kuguswa, na mtu akaenda nyumbani akalala.

Msinielewe vibaya mkadhani alikuwa mtakatifu. Hakuwa na subira na kitu chochote kisichokuwa kwenye sufuria. Alikataza wenzake sukari na yeye chai yake ya asubuhi ilikuwa nzito kama asali. Alihubiri utulivu na redio yake ilisikika mpaka bondeni. Aliwasifu wanaolala, lakini akikukuta umelala jua limetoka alikuuliza kama umefiwa. Na huyu mwanamke ambaye aliinua masufuria ya moto kwa kipande cha kanga, akiona kinyonga kwenye mnanaa wake, alikimbilia barabarani.

Kikubwa zaidi, alisinzia kanisani. Sababu ilijulikana. Jumamosi jioni wageni walikuwa wengi, na kila kikombe kilichotoka mkononi mwake kilipitia mdomoni mwake. Funda kwa funda, yeye ndiye aliyekunywa kuliko wote. Jumapili, mahubiri yakianza tu, kidevu kilishuka.

Aliyemtania zaidi kwa hilo alikuwa Fundi, yule wa baiskeli, ambaye karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati chini kidogo ya nyumba ya Mpishi. Fundi alifiwa na mkewe, na tangu hapo usiku ukawa mrefu kwake. Alikuja kila jioni, mikono inanuka grisi, akakaa kwenye kigoda kile kile karibu na mlango, na wakaanza.

"Dada, jana ulionja vikombe vingapi? Leo umekoroma mpaka kwaya imepotea."

"Nimewasaidia besi. Hawakuwa nayo."

"Mchungaji amekutazama."

"Amenionea wivu. Nawa mikono kabla hujanigusia kikombe, mtu wa grisi wewe."

Alinawa. Mpishi akamimina, akaonja, akafuta ukingo, akampa. Fundi alikuwa mshika desturi kuliko wengi. Aliniambia siku moja, akiziba pancha yangu, kwamba baba yake alimfundisha mambo mawili tu: kukaza nati kwa mkono wa kulia, na kutokunywa kisichoonjwa na aliyekipika. "Hata mke wangu aliniuguza akinionjea uji," alisema. "Alikuwa hana nguvu, mimi nina homa, na bado alionja." Kisha akajaza tairi upepo kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Basi ikatokea Mpishi akaanguka sokoni. Hakuumia, lakini kituo cha afya walimpima wakamkuta na presha ya juu sana. Daktari alimpa vidonge, na alipomuuliza anakunywa nini nyumbani, naye akayataja majani yote kwa fahari, daktari akasema aache kwanza. Hakusema majani yale ni sumu. Alisema baadhi ya majani yanaweza kushusha presha, mengine yanaweza kugombana na dawa, na yeye hawezi kupima vidonge vizuri kama hajui ndani ya mtu kumeingia nini kila jioni. Nadhani ni maneno ya busara, na yeyote anayekunywa dawa za kudumu namshauri aulize hivyo hivyo kabla ya kuchuma kitu uani.

Watu walitarajia angekaidi. Hakukaidi. Yule mwanamke mbishi, kwa daktari alikuwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Nimepika chakula cha wagonjwa shuleni miaka yote," aliniambia. "Aliyeambiwa asile chumvi akaja kuiba chumvi, nilimzika. Nitamsikiliza huyu kijana."

"Kwa hiyo wageni?"

Wote wawili tuliona tatizo kwa wakati mmoja. Angeweza kupika, lakini hangeweza kuonja.

Mimi, kwa kupenda kusaidia, nilitoa mawazo. Nikasema nitaonja mimi. Akacheka. "Anayeonja ni aliyepika. Wewe ukionja, unakuwa mgeni wa kwanza kufa, basi." Nikasema, basi inua kikombe, gusa kwa midomo tu, usimeze, nani atajua? Akanitazama, na hakukuwa na utani usoni.

"Mwalimu, hilo ndilo ambalo angefanya mwenye sumu."

Akaamua kusema ukweli mbele ya watu. Jioni ile walikuwapo wachache, Fundi kwenye kigoda chake. Mpishi alimimina, akaviweka vikombe juu ya meza ndogo, akasema, "Daktari amenikataza majani haya kwa ajili ya vidonge vyangu. Sitaonja leo, wala kesho. Nimepika kama siku zote. Anayetaka, anywe."

Nilinyoosha mkono nikanywa changu mara moja, nikidhani nawafungulia wengine njia. Mpishi akatikisa kichwa kwa upole. "Wewe huhesabiki, mwanangu. Kwenu hamwonji."

Fundi alikitazama kikombe chake. Mvuke ulikuwa unapanda, na harufu ya mchaichai ilikuwa ile ile aliyoizoea. Alikisogeza mbele kidogo kwa kidole.

"Dada, si kwamba nakuwazia vibaya."

"Najua."

"Kama daktari anasema yatakudhuru wewe, mimi je?"

"Wewe una presha?"

"Sijapimwa."

"Basi kapimwe."

"Nitapimwa," akasema Fundi, akasimama, akaaga. Wengine waliaga nyuma yake, kila mmoja kwa heshima zote. Vikombe vilibaki vimejaa. Mpishi alivikusanya, akamwaga chai kwenye shina la mgomba, akaviosha kwa kelele kuliko kawaida.

Hakuna aliyemsema vibaya, na labda hilo ndilo lilikuwa zito zaidi. Wangemsingizia, angegombana nao, kugombana alikuweza. Lakini walimsalimia njiani vizuri, wakamletea maharage mabichi, wakauliza presha inaendeleaje, na jioni wakabaki majumbani kwao. Mimi nilikuwa nakwenda. Nilimkuta amekaa na redio amepunguza sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Nimepikia watoto wasiohesabika," alisema siku moja, "na walikuwa wanagombania ukoko wangu. Sasa hakuna wa kunywa maji yangu ya moto." Kisha akaniuliza kuhusu shule, akasikiliza majibu kwa makini mno, kama mtu asiye na kingine cha kusikiliza.

Aliyevunja ukimya ule ni Fundi mwenyewe, na alikuja na hasira. Kumbe alikuwa amepita uani usiku akajikatia mchaichai… hapana, nisimsingizie wizi: alikuwa ameomba mchaichai mchana, Mpishi akamkatia fungu, naye akawa anajipikia kwake. Alisimama mlangoni macho yamemvimba.

"Majani yako yamekwisha nguvu, Dada. Nakunywa, halafu nahesabu mabati."

"Unapikaje?"

"Kama chai."

"Kama chai vipi? Niambie unachotia."

Fundi akaeleza kwa fahari. Maji, mchaichai, tangawizi ya kutosha, sukari, na majani ya chai yale meusi vijiko viwili, maana chai bila rangi ni maji ya kuoshea miguu.

Mpishi alishika mwimo wa mlango. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Ni kosa ambalo nimeliona nyumba nyingi, na sioni sababu ya mtu kuona aibu nalo: tumezoea mchaichai kuwa kiungo cha kunukisha chai ya rangi, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la majani. Lakini majani ya chai ni ndugu wa kahawa katika kazi ya kufukuza usingizi. Fundi alikuwa anajiimbia mchakamchaka, kisha anashangaa kwa nini halali.

"Ingia," Mpishi alisema akijifuta machozi. "Nawa mikono. Utapika hapa nikikuona."

Alipika. Alikatazwa kufunua, akafunua, akapigwa kofi. Alipomaliza alijimiminia, akaonja alichopika mwenyewe, akashangaa kwamba kinaweza kunywewa. Habari zilienea, na wiki iliyofuata walikuja watu wawili, kisha zaidi. Kila mtu alipika chake kwenye jiko la Mpishi, akaonja chake, akanywa chake. Redio ilipanda tena. Yeye alikaa kwenye kiti, mkono mmoja kiunoni, akiwatukana wote kwa zamu, na alionekana amepona.

Lakini nilimfahamu vya kutosha kuona kilichobaki. Alipika uji wake na chai yake ya asubuhi peke yake, kwa kikombe kimoja. Hakumimina tena kwa ajili ya mtu. Mgeni akifika alimwelekeza kwenye sufuria, "Maji yale pale, jihudumie." Alikuwa amepata darasa, na alilipenda. Kumpa mtu kikombe kwa mkono wake ndiko alikokuwa amekuacha, na hakukutaja.

Nikahamishwa kurudi Biharamulo. Tulipigiana simu, naye alizungumza kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

Likizo iliyopita nilikwenda Ngara kwa shughuli ya familia ya mume wangu kule Nyamiaga, nikachukua bodaboda hadi Bukiriro kumsalimia. Ilikuwa kipindi cha baridi, ule upepo wa kiangazi unaopita katikati ya migomba na kuingia kwenye mifupa. Nilimkuta amepungua mwili, anatembea kwa kushika ukuta, lakini macho yake yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umenenepa. Biharamulo kuna nini?"

Tulikaa jikoni. Nikasema nitajipikia, kama kanuni ilivyokuwa. Akakataa. "Umetoka mbali. Kaa." Akainuka mwenyewe, akakata shina, akaponda, akaweka motoni. Wakati anamimina, Fundi aliingia bila kubisha hodi, amebeba gurudumu, akaliegemeza ukutani, akapuliza vidole kwa baridi.

"Mwalimu! Umekuja kutusahihisha?"

"Nimekuja kunywa chai, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Baridi hii si ya mchezo."

Mpishi alikiweka kikombe juu ya meza ndogo katikati yetu na kugeuka kurudisha sufuria. Hakuonja. Hakuwa ameonja kitu cha mtu tangu siku ya kituo cha afya, na sisi watatu tulilijua hilo. Nilinyoosha mkono. Fundi aliniwahi. Alikichukua kwa mikono yote miwili, akapuliza, akanywa funda refu, kisha jingine, akakaa kwenye kigoda.

Mpishi alikuwa amegeuka. Alisimama na sufuria mkononi, akimtazama mdomoni.

Fundi akaramba midomo, akafikiri.

"Umeiepua mapema," akasema. "Haijakolea."

Nilijiandaa. Kwa miaka yote ya kumfahamu, sikuona mtu aliyeikosoa chai yake akabaki na heshima yake. Mpishi akakaribia meza pole pole, akishika ukuta, akaegemea.

"Haijakolea?"

"Haijakolea, Dada. Nakwambia ukweli."

"Nawa mikono," akasema. "Unanishikia kikombe na grisi."

Fundi akainuka, akanawa kwenye ndoo, akarudi. Alipokaa, Mpishi alikuwa ameshakijaza kikombe tena mpaka ukingoni. Akakiinua kwa mikono yake miwili na kumpa, naye akakipokea, akanywa.